Tafadhali Usiguse

Mkamburi ametulipia usiku mmoja
na bei hakututajia. Nimeiona mwenyewe
kwenye karatasi iliyosahauliwa mapokezi,
nikaigeuza kuwa mifuko ya saruji,
nikanyamaza.

Julai. Ukungu wa Kitisuru umelalia ua wa kaiyaba.
Mlango wa mbele umetoka Lamu, au Siyu,
binti wa mapokezi hana hakika,
ila anajua njumu zake za shaba husuguliwa kwa ndimu
kila Jumatatu.
Mwakio alisimama kwanza langoni, akasoma kibao cha nambari.
Akapangusa viatu mara tatu,
na bado akaingia kwa ncha za vidole
kama aliyechelewa ibada.

Kila kitu hapa kina kikaratasi.
Kiti cha mpingo na pembe: tafadhali usiguse.
Bakuli la Kichina lililoshonwa ufa kwa waya: tafadhali.
Nikamwuliza mume wangu, sasa tutakaa wapi?
Akasema, tutakaa kwa heshima.

Juu ya meza yetu pametundikwa mwanamke asiye na uso.
Amebeba kitu mgongoni.
Mimi nasema kuni, Mwakio anasema watoto.
Tumebishana hadi supu ikaota ngozi.
Nekesa, aliyekuja kuondoa sahani, akatwambia
mchoraji mwenyewe alipita hapa mwaka jana,
wakamwuliza swali hilo hilo,
akacheka, akaomba chai.

Kitanda kina ngazi!
Miaka arobaini na moja ya ndoa
leo ndio napanda kulala kwa ngazi,
mzee amenishika kiuno kwa nyuma:
polepole, Wakesho,
usije ukaanguka ukavunja historia.

Saa tisa usiku nikapapasa upande wake.
Baridi.

Nilimkuta ukumbini na joho jeupe la hoteli,
mikono nyuma, mbele ya taipureta.
Nyeusi, nzito, imewekwa juu ya kitambaa cha hariri
kama maiti ya mtu mkubwa.
Si yangu, akasema bila kugeuka.
Yangu N yake iliruka.

Miaka ishirini na tisa, Idara ya Ardhi, ghorofa ya pili,
dirisha linalotazama ukuta.
Kutoka jiwe hadi mti, kutoka mti hadi mto,
nakala tatu, kaboni mbili,
eka za watu wasiowahi kuingia ofisini kwake.
Sisi tukipanga chumba na jiko Kaloleni,
yeye akirudi jioni na kucha za buluu
akila ugali kwa kijiko.

Kile kibao cha langoni, akasema.
Ile nambari naijua.
Akanyamaza kidogo.
Nilikosea tarakimu moja nikairudia yote.

Kisha akagusa.

Vidole viwili vya kulia haviinuki vizuri siku hizi,
vifungo vya shati namfunga mimi.
Lakini pale vilikwenda,
ta, ta-ta, ta,
utepe mkavu, karatasi hakuna,
kengele ya mwisho wa mstari ikalia
nyumba nzima ikasikia.

Tochi ikaja. Askari wa usiku, koti hadi magotini.
Nikaanza kutunga samahani.
Akamulika kikaratasi, akamulika mikono ya mzee,
akazima.
Mimi hapa mwaka wa sita, akasema,
sikujua kitu hiki kina sauti.
Malizia basi, mzee. Malizia huo mstari.

Alichoandika hakuniambia.
Asubuhi nilichungulia ile rola ya mpira:
vialama, vialama, kimoja juu ya kingine,
kama nyayo za kuku uani.

Mkamburi akapiga simu tukiwa bado mezani.
Eh mama, kulikuwaje?
Nikamtazama baba yake
akipaka siagi mkate mpaka kwenye kingo,
ameegemea sawasawa kile kiti cha mpingo.

Mayai mabichi kidogo, nikasema.
Lakini kitanda, mwanangu, kina ngazi.